Uchambuzi wa kisa: khanga ile haikuwa ya maiti

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya wanaoendesha peji za habari na vijana wanaowatumia picha za ajali, hasa huku kwetu nyanda za juu kusini. Nimetoa majina, mwaka, jina la mteremko na rangi za magari. Familia ya mama wa kwenye picha imesoma kabla sijaweka, baba wa familia akaomba nitoe kitu kimoja nikakitoa. Peji yenyewe siitaji ila nakiri mapema kwamba aliyebonyeza kuposti ni mimi, kwahiyo mkiona mahali najitetea mnivumilie, na mahali najichapa sana napo mnivumilie.

Mazingira

Mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe hana haja ya kuelezewa barabara ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Zambia. Mzigo wa Zambia na Kongo unapita hapohapo tunapopita na Coasta kwenda msibani, shaba inashuka bandarini, mafuta yanapanda, na katikati kuna miteremko ya Kitonga, Inyala na Iwambi, alafu kuna ukungu wa asubuhi ambao dereva anaona boneti yake na basi. Neno "breki zimefeli" mtoto wa darasa la pili analijua. Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, kontena liliangukia basi wakafa watu zaidi ya 40, na mpaka leo kuna watu wakipita pale wanaacha kuongea.

Peji yetu ilikuwa ya watu watatu, chumba kimoja mjini, feni mbovu na laptopu mbili. Kwenye barabara tulikuwa na vijana tuliowaita "vijana wa tukio", wengi bodaboda, mmoja fundi simu. Malipo: elfu kumi tukio likitumika, na ukiwa wa kwanza kabla ya peji nyingine unaongezewa elfu kumi nyingine. Hiyo elfu kumi ya pili muikumbuke.

Sheria zetu za ndani zilikuwa mbili tu, ziba sura na usioneshe damu. Nilizibandika ukutani baada ya semina moja ya maadili, na kiukweli nilikuwa najivunia, maana peji za jirani walikuwa wanamwaga kila kitu mpaka ubongo. Sisi tulijiona wastaarabu.

Ilivyokuwa, saa kwa saa

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kipande kimoja kati ya Uyole na Igawa, lori lililokuwa linashuka na mzigo likaisukuma Coasta ya abiria mpaka nje ya barabara. Ilikuwa mwezi wa baridi, ule ambao hata maji ya bomba yanauma meno.

Saa moja na dakika kumi kijana wetu akafika na pikipiki yake. Hapa niseme kitu ambacho waliomtukana baadaye hawakukijua. Hakuanza na simu. Aliweka simu mfukoni, akasaidia kutoa watu wawili dirishani, mmoja akambeba mgongoni mpaka kwenye pikapu iliyosimama. Ndipo akaanza kupiga. Jumla alipiga picha 41 na video moja fupi.

Mmoja wa aliokuwa amelazwa kwenye nyasi pembeni alikuwa mama wa miaka kama hamsini. Mama mwingine, muuza parachichi wa palepale barabarani, alikuwa amevua khanga yake ya juu akamfunika. Kijana akapiga picha moja akiwa amesimama hatua kama tano. Kwenye picha unaona khanga, chini yake umetokeza upindo wa kitenge cha sare, na miguu na kandambili moja.

Saa moja na nusu picha zikanifikia. Nikachagua sita. Ile ya khanga nikaiweka ya kwanza, maana ilikuwa na utulivu fulani, haina damu, haina chuma kilichopinda, nikaona hii ndio picha ya heshima. Nikaziba sura. Nikaandika kepsheni: "Mwili wa mmoja wa abiria waliopoteza maisha".

Saa mbili kasoro dakika kumi ikapanda.

Saa mbili na robo, kijiwe kimoja cha bodaboda mji mwingine kabisa, kijana mmoja akaletewa ile picha kwenye grupu lao. Hakuangalia sura, sura tulishaiziba. Aliangalia kitenge. Kilikuwa kitenge cha kwaya, kilichapwa kwa ajili ya sherehe ya kanisa lao, vipande kama thelathini tu ndio vilitengenezwa, na akina mama wengine wote wenye hicho kitenge walikuwa wameshafika jana yake kwenye harusi waliyokuwa wanaenda kuimba. Aliyebaki nyuma kufuata sufuria za kwaya ni mmoja. Mama yake.

Akapiga simu ya mama, inaita haipokelewi. Akampigia baba. Baba akasoma kepsheni.

Kufika saa tatu nyumbani kwao turubai lilikuwa linafungwa. Majirani wameshaingia, wanawake wameshakaa chini, mchango wa kwanza umeshaanza kuandikwa kwenye daftari. Watu wawili wakachaguliwa waende mochwari mchana huo wakatambue mwili.

Sasa. Yule mama alikuwa hai.

Muda ule nabonyeza kuposti, alikuwa kwenye pikapu anapelekwa hospitali. Alifariki saa nne na dakika kadhaa, wodini. Hakuna ndugu hata mmoja aliyekuwepo, kwasababu ndugu wote walikuwa kwenye msiba wake.

Majina rasmi yalitoka kwa polisi saa tisa alasiri. Wale wawili walienda mochwari moja kwa moja, wakaambiwa mwili huo umeingia muda si mrefu, wakauliza kivipi muda si mrefu na ajali ni ya asubuhi. Hapo ndipo walipojua.

Maamuzi tuliyofanya, na kwanini

Uamuzi wa kuchagua ile picha niliufanya kwa kigezo cha damu. Haikuwa na damu, nikaona iko salama. Sikujiuliza swali lingine lolote.

Uamuzi wa kepsheni ndio unaoniamsha usiku. Kijana hakuniambia amekufa. Aliandika tu "huyu mama kafunikwa". Huku kwetu mtu akifunikwa khanga ajalini, kichwa kinaenda moja kwa moja kwenye kifo, hakuna anayeuliza. Mimi nimekaa mjini na chai yangu ya maziwa nikasoma "kafunikwa" nikaandika "mwili". Yule mama muuza parachichi alimfunika kwa sababu ya baridi. Ni hivyo tu, mtu anatetemeka unamfunika.

Kuna kitu kibaya zaidi nilikuja kukigundua siku tatu baadaye nilipofungua picha ya asili. Khanga iliishia shingoni. Sura ilikuwa wazi, macho yamefumbuka nusu, na mkono wa muuza parachichi uko chini ya kichwa chake. Mtu yeyote angeiona ile picha ilivyokuwa angejua huyu ni mgonjwa anahudumiwa. Tulipoziba sura, ule ukungu wa programu ukameza sura, ukameza na mkono, kilichobaki ni kitu kilichofunikwa toka juu mpaka chini. Yaani sheria yetu ya ustaarabu ndiyo iliyomgeuza maiti.

Uamuzi wa tatu, kufuta. Saa nne na nusu shemeji wa familia akapiga simu ofisini, kwa sauti ya chini kabisa, akasema "tunaomba muitoe hiyo picha, ni mama yetu". Hapo bado wenyewe hawajui kwamba kepsheni ilikuwa ya uongo. Nikaitoa ndani ya dakika mbili. Ilikuwa imekaa juu saa mbili na dakika arobaini. Mwenzangu ofisini akasema tuweke maelezo kwanini tumeitoa, mimi nikakataa, nikasema tukiandika tutavuta watu waitafute. Nilikuwa na hoja lakini ilichanganyika na woga, na kwa kunyamaza skrinshoti zikabaki zinatembea na kepsheni ileile ya "mwili" bila mtu wa kuzisahihisha.

Wa nne, kwenda. Baada ya kujua ukweli mwenzangu mmoja alishauri tukae kimya, akataja mawakili, akataja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwamba kukiri ni kujifunga mwenyewe. Nikamtafuta mzee mmoja wa kanisa lao anayefahamiana na baba yangu mdogo, nikamwambia yote. Akaniambia usiende na bahasha ya peji wala tisheti ya peji, nenda kama mtoto wa mtu, na usiongee mpaka uulizwe. Tukaenda siku ya tatu, mimi, yule kijana na mzee.

Kilichofuata

Nilitegemea kupigwa. Yule mtoto bodaboda alisimama akatoka nje, hakutaka kukaa chumba kimoja na sisi, na sikumlaumu. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alafu akasema, "Mwanangu, mimi sikuulizi kwanini ulipiga picha. Nauliza, alikuwa anaongea?"

Hatukuwa na jibu. Kijana akasema yupo mtu mwenye jibu, yule mwenye khanga. Akamfuata kesho yake palepale kwenye meza yake ya parachichi akamleta.

Muuza parachichi alisema mama aliongea. Aliomba maji, na alikuwa anaulizia sufuria za kwaya, zisipotee, ni za kanisa. Akarudia mara mbili habari ya sufuria. Baba alicheka, kicheko kilekile cha mtu anayemjua mke wake, ndipo akalia, na nadhani mule ndani ndio ilikuwa mara ya kwanza kulia.

Familia haikutaka pesa na haikwenda polisi. Iliomba vitu viwili. Picha ya asili wapewe wao, na ile picha tusiitumie tena kwenye yale makusanyo ya "ajali mbaya za mlima" ambayo peji zote huwa tunaweka mwisho wa mwaka. Nilikubali vyote. Sahihisho niliposti siku ya sita, bila picha, maneno kama arobaini. Lilipata laiki chache mno, ile picha ilikuwa imepata maelfu. Na nisiwadanganye, siku ya ajali peji iliongeza wafuasi kuliko mwezi mzima uliotangulia, na wengi hawajaondoka.

Kijana aliacha kazi yetu kwa miezi kadhaa. Mtandaoni alitukanwa "paparazi wa maiti", watu wakiuliza kwanini hakusaidia, na kwa kuwa aliwabeba watu kabla ya kushika simu hakuna picha inayomwonesha akisaidia.

Uchambuzi: nini kilifanya kazi, nini kilikufa

Nianze na zile picha 35 ambazo hatukuposti, maana ndizo zilizofanya kazi kuliko zote. Kulikuwa na majeruhi mmoja aliyeingizwa hospitali bila jina, hajitambui, hana kitambulisho. Kijana alikuwa na picha ya jaketi lake. Jioni akaenda nayo mapokezi, akakuta watu wanamtafuta ndugu yao mwenye jaketi la hivyo, wakampata. Polisi nao waliomba zile za matairi na mikwaruzo ya lami kabla magari hayajasogezwa, tukawapa. Kwahiyo mtu akiniambia ajalini simu zipigwe marufuku kabisa, simkubalii. Picha iliyopelekwa kwa mtu mmoja anayeihitaji ni kitu tofauti kabisa na iliyomwagwa pejini, hata kama ni picha ileile.

Ilikuwepo pia picha ya watu wanaokota mzigo uliomwagika huku majeruhi wako nyuma yao. Hiyo niliiacha nikiogopa kuchafua kijiji kizima kwa watu wanne. Mpaka leo sijaamua kama nilikuwa sahihi.

Kilichofeli cha kwanza ni imani kwamba sura ndiyo inayomtambulisha mtu. Labda nchi za watu ni hivyo. Kwetu mtu anatambulika kwa kitenge cha sare, kwa khanga ya kikundi, kwa maandishi nyuma ya Coasta, kwa begi lenye jina la shule, kwa kandambili. Mama wa kwaya ukimziba sura ukaacha kitenge umeziba nini? Ni kama umeandika jina lake kwa herufi ndogo.

Cha pili ni ile elfu kumi ya kuwa wa kwanza. Tuliiweka kama motisha, matokeo yake kijana anatuma kabla ya kuuliza na mimi naposti kabla ya kupiga simu. Kati ya picha kunifikia na kuposti zilipita dakika ishirini, na dakika kumi kati ya hizo nilikuwa nahangaika na kuziba sura. Simu moja tu, "kaka huyo mama yuko hai?", ingechukua sekunde kumi na tano. Bonasi hiyo tulishaifuta.

Cha tatu ni neno "mwili". Anayethibitisha kifo ni daktari, anayetangaza majina huku kwetu ni kamanda wa polisi, na hata wao huwa wanasubiri ndugu wajulishwe. Mimi nilifanya kazi ya wote wawili toka kwenye kiti cha plastiki.

Watu wengi wakisikia neno paparazi wanakumbuka Paris, usiku wa 31 Agosti 1997, binti mfalme Diana wa Uingereza alipopata ajali kwenye lile handaki la Alma. Kinachosahaulika ni kwamba wapiga picha walipokuwa wanamulika taa zao alikuwa hai, alifariki hospitali baada ya saa kadhaa, alfajiri. Wapiga picha walichunguzwa, mwaka 1999 kesi ya kusababisha vifo ikafutwa Ufaransa, dereva akaonekana alilewa na aliendesha kasi. Sasa tofauti na sisi ni kwamba yule dunia nzima ilikuwa inamjua, walimfuata kwa jina lake. Wa kwetu hakuna aliyekuwa anamjua nje ya kwaya yake, sisi ndio tuliomfanya ajulikane, na tukamjulisha kwa kitu ambacho hakikuwa bado kimetokea.

Mfano mwingine naupenda kwasababu unawagusa wenye sare. Januari 2020 helikopta ya nyota wa mpira wa kikapu Kobe Bryant ilipoanguka kule Calabasas, California, wakafa watu tisa, waliopiga picha zilizoleta kesi hawakuwa paparazi, walikuwa askari na zimamoto walioitwa kusaidia, mmoja akaja kuzionesha baa. Agosti 2022 baraza la mahakama likaamua mjane wa Kobe alipwe dola milioni 16. Kabla ya hapo California walishatunga sheria ya kuwabana waokoaji wanaopiga picha za marehemu kwa mambo yao binafsi. Nalisema hili maana siku ile ya kwetu pia kuna picha mbaya zaidi ilitembea, ya ndani ya Coasta, iliyopigwa toka mahali ambapo kijana wetu alikuwa ameshafukuzwa. Lawama zote akabeba yeye.

Ujerumani walienda mbali zaidi, toka 2021 kumpiga picha marehemu kwa namna ya kumdhalilisha ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka miwili. Kwetu katiba Ibara ya 16 inataja faragha ya mtu na familia yake, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Ila mimi sijaona sheria ambayo ingemfikia mtu kwenye kiti changu ndani ya zile dakika ishirini. Pale ulikuwa wewe na kidole chako.

Kuhusu kwenda kuomba radhi, wenzangu wa peji huwa wananiuliza kama inafaa. Ilifaa kwasababu ya mzee, na kwasababu tulienda na yule kijana mwenyewe badala ya kumficha. Tungeenda na bahasha tungefukuzwa. Ila haikufuta kitu, mtoto wa yule mama mpaka leo hasalimiani na mimi, tunapishana Uyole anageuza uso.

Tunachofanya sasa: picha ya ajali ya kwanza ni ya magari tu, kwa mbali, bila mtu aliyelala hata kama amefunikwa. Neno la kifo haliandikwi mpaka mamlaka iseme. Picha zenye nguo za watu zinakaa kwenye folda, zinatoka kwa ndugu au polisi wakiomba. Kijana akifika eneo la tukio kama kuna tanki la mafuta hasogei, maana wote tunakumbuka Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na zaidi ya watu mia moja wakaungua pale Msamvu. Tunachelewa, ni kweli, mara nyingi peji nyingine zinatangulia na tumepoteza tangazo moja la duka la vipuri kwa sababu hiyo.

Yule kijana amerudi kazini. Familia ilimpelekea muuza parachichi doti ya khanga mpya, maana ile yake walimzika nayo mama. Picha nayo bado iko barabarani. Mwezi uliopita imemrudia kijana kama fowadi kwenye grupu la ukoo wao, aliyeituma hajui kwamba aliyeipiga ni yeye, na safari hii imeandikwa ni ajali ya asubuhi hiyohiyo, mkoa mwingine kabisa.